Goti Tu

Kirotshe, tarehe 9 Januari 2022
Asubuhi: ukungu juu ya ziwa mpaka saa tatu, kisha jua dogo.

Kaka Sébastien,

Papa Élie alifika jana jioni, pikipiki yake imejaa matope mpaka kwenye taa, lakini kifurushi chako kilikuwa kikavu. Nilikifungua leo asubuhi kabla sijafungua mlango wa sekretarya, ili mtu asije na fotokopi zake akaninyima raha.

Umenifurahisha. Ni miaka miwili sasa tangu usimame mbele ya meza yangu na dosye yako, ukaziona roboti zangu za kuchezea, zile zinazogeuka magari, kwenye rafu nyuma ya mashine, ukachukua ile ya kijani bila kuuliza na kuigeuza lori kwa miondoko sita. Wateja wengine huniuliza kama ni za mtoto wangu. Wewe uliniuliza kama bega lake ni la asili. Tangu siku ile tumebadilishana kumi na moja, na sijawahi kujuta hata moja. Falone wa duka la jirani bado ananisema. Juzi aliniambia: "Dada Rosalie, wenzako wa miaka arobaini wananunua vikombe vya wageni. Wewe unanunua wageni wenyewe, wa plastiki." Nikamjibu kwamba wageni wangu hawamalizi chai.

Sasa, hii roboti yako ya ambulansi. Goti la kuume limepasuka kama ulivyoandika, pini imekula plastiki. Lakini kuna mengine ambayo hukuyataja. Mwili ulikuwa mweupe, sasa ni wa rangi ya chai kwa moshi na miaka. Na mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, si wake kabisa: mtu alikata raba ya kandambili akaifunga kwa waya wa shaba. Umeipata wapi? Ilitoka kwenye balo la mitumba? Ni nadra kuona ambulansi ambayo milango yake bado inafunguka.

Niachie. Nitaishughulikia kwa utaratibu.

Dada yako,
Rosalie


Mubi, tarehe 21 Januari 2022

Dada Rosalie,

Barua yako imefika. Hapa iko mvua kila siku, na lori zimelala njiani sababu ya matope. Nina moto ine mu atelye, pikipiki zote zinangoja vipande. Muke wangu Naomie anasemaka siku moja atanikuta mimi mwenyewe nimegeuka moto, hatajua amwage mafuta wapi.

Juu ya ile ambulansi: goti tu. Haikutoka mu balo. Iko ya muntu wa hapa, njo mimi niko nayo kwa sasa. Usijichokeshe na ile ingine yote. Goti la kuume likunjike na likunjuke, inatosha. Ningeifanya mwenyewe lakini mikono yangu imezoea vyuma, naogopa kuvunja.

Nakuomba tu iwe imefika mbele ya tarehe 19 ya mwezi wa tatu.

Kaka yako,
Sébastien


Kirotshe, tarehe 14 Februari 2022
Asubuhi: jua kali tangu saa moja, hakuna upepo.

Kaka Sébastien,

Imekwisha, na siku tatu zote hizi naiangalia kabla ya kuipa Papa Élie.

Uliandika "goti tu" na nikacheka peke yangu. Najua heshima yako. Hata ulipokuja na dosye ya kurasa thelathini uliniambia nikutolee zile za lazima tu, nisije nikachoka. Kwa hiyo nilifanya goti, kisha nikafanya na yale ambayo hukuthubutu kuniomba.

Goti: pini mpya, nimeichonga kwenye sindano ya kufumia. Linashika. Rangi: nilinunua oksijene ya saluni, ile wanayotumia kugeuza nywele, nikapaka, nikaufunga mwili kwa plastiki na kuuanika juani siku nne, nikiugeuza kila saa. Umerudi mweupe, Kaka, mweupe kama siku ulipotoka kwenye boksi. Alama zilizokuwa kwenye kingo za paa nimezisugua kwa karatasi laini. Na mguu: ile ambulansi yangu iliyovunjika kifua, ile niliyokuwa nimeapa kutoigusa, nimeitoa mguu wake wa kushoto nikaupa hii. Unakaa sawasawa. Mwenyewe hataamini kama ni ileile.

Usinishukuru. Kazi hii imenipa wiki mbili nzuri kuliko zote tangu mwaka uanze.

Dada yako,
Rosalie


Mubi, tarehe 27 Februari 2022

Dada Rosalie,

Imefika. Goti linakunjika vizuri. Aksanti.

Sébastien


Kirotshe, tarehe 26 Machi 2022
Asubuhi: mvua ya radi alfajiri, kisha mawingu mepesi.

Kaka Sébastien,

Barua yako ilikuwa ya mstari mmoja na nusu, nikasema una kazi nyingi. Papa Élie aliniambia atelye yako ilikuwa imefungwa alipopita. Natumaini si ugonjwa.

Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza: nimepata helikopta nyekundu, mabawa manne, hakuna hata moja lililopinda. Nikikumbuka jinsi ulivyoililia ile ya kwangu mwaka jana, nimekuwekea. Nitakupa kwa tingatinga lako la njano, au kwa chochote utakachopenda. Ya pili ni udadisi wangu tu: mwenye ambulansi alisema nini alipoiona? Ningependa kujua. Mtu akifanya kazi kama ile hapa Kirotshe hana wa kumwonyesha. Falone aliiangalia akasema, "Nzuri. Inapika?"

Niandikie.

Rosalie


Mubi, tarehe 2 Aprili 2022

Dada Rosalie,

Usiniwekee helikopta. Patia muntu mwingine.

Nitakuelezea, sababu unauliza mwenye alisema nini, na sitaki kukudanganya mara ya pili.

Mwenye iko mutoto wangu Bienvenu. Alikuwa na miaka tisa. Alikufa tarehe 19 ya mwezi wa tatu mwaka jana, malaria ilipanda mu kichwa, siku mbili tu. Sikukuambia. Mwaka mzima nilikuandikia juu ya mabega na magurudumu, na kifo cha mutoto wangu sikukitia hata mu mustari moja. Unajua sababu gani? Hapa kila muntu akiniona anashusha sauti. Kwa barua zako nilikuwa muntu asiyefiwa. Nilikuwa nakuya kupumzika mule.

Ile muguu ya kandambili aliikata yeye. Ilikuwa kandambili ya mama yake, alipigwa juu yake, na kesho yake mama yake njo alimupatia waya ya kuifunga. Zile alama za pembeni iko meno. Alikuwa anaishika mu kinywa wakati anapanda miti. Ndani ya kifua aliandika jina.

Naomie alikuwa anabeba ile kitu mu kitenge chake kila siku, tangu mazishi. Goti lilikuwa linazidi kupasuka. Tarehe 19 ilikuwa siku ya kutoa matanga, ndugu zake walikuwa wanatoka Buleusa. Unajua desturi yetu: siku ile vitu vya marehemu vinatoka, kila muntu anapokea chake, na wafiwa wanaoga. Bienvenu alikuwa na shati, mufuko wa masomo, na ile ambulansi. Nikasema nitaitengenezesha goti kwa siri, isivunjike mbele ya watu. Nikamwambia Naomie nimeifungia mu sanduku.

Siku ile nikaitoa. Aliishika. Aliigeuza. Akaniangalia, akasema mbele ya kaka zake:

"Hii haiko ya mutoto wangu. Ya mutoto wangu uliibadilisha, kama vile unabadilishaka na yule mwanamuke wa Kirotshe."

Nikaapa. Akasema: "Apa vizuri. Nionyeshe muguu." Muguu gani nitaonyesha? "Nionyeshe meno." Kaka yake mukubwa, Isidore, akaniuliza kwa pole pole, kama mwenye haya: "Shemeji, ulipata nini mu kuibadilisha?"

Hawakutoa matanga. Chakula kilirudi mu sufuria. Walienda kesho yake asubuhi, na Naomie angali mu nguo nyeusi. Anasema hatazivua mpaka kitu cha mutoto kirudi. Na mimi siwezi kukirudisha, maana kiko palepale mezani na yeye anapita anakiruka kama jiwe.

Sikulaumu. Nilikuandikia goti tu, lakini sikukuandikia sababu.

Sébastien


Kirotshe, tarehe 10 Aprili 2022
Asubuhi: sikuangalia.

Kaka Sébastien,

Ulikuwa umeniandikia neno lote lililotakiwa. Lilikuwa maneno mawili. Mimi niliyasoma kama heshima kwa sababu ndivyo nilivyotaka yawe, ili nipate kazi yangu.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine yenye jina la mkeo. Nakuomba umpe bila kuifungua. Kama hataki kuisoma, iache mezani karibu na ile kitu.

Rosalie


Kirotshe, tarehe 10 Aprili 2022

Mama Bienvenu,

Mimi ndiye mwanamke wa Kirotshe. Jina langu ni Rosalie, nina miaka arobaini na moja, natengeneza fotokopi na kuandikia watu barua za kazi kwenye kompyuta. Mumeo nimemwona mara moja tu, mchana, mbele ya wateja sita. Hakubadilisha kitu cha mtoto wako. Alikituma kwangu kitengenezwe goti, na mimi nikafuta yote mengine bila kuulizwa.

Sina namna ya kukuonyesha ila moja. Tangu nilipomaliza shule naandika daftari, kila siku tarehe yake, na kazi zangu naziandika moja baada ya nyingine kabla ya kuanza, ili nisisahau nilivyokuta kitu. Ukurasa wa tarehe 29 Januari nimeuchana kwa wembe. Sijawahi kuchana ukurasa. Huu hapa, ni wako:

"Ambulansi ya Séb. Mwili rangi ya chai, moshi. Kingo za paa, upande wa kuume: matundu madogo, mistari miwili, matano juu, matatu chini. Meno? Kusugua. Mguu wa kushoto: raba ya kandambili ya buluu, waya wa shaba umezungushwa mara saba, ncha imekunjiwa ndani isichome. Si wa asili, kuondoa. Ndani ya kifua: kalamu ya wino, herufi tatu, B, I, E. E imeangalia nyuma. Kufuta kwa alikoli, pamba vipande vinne. Mlango wa nyuma: punje ya mchele imekwama. Kuondoa. Gurudumu la nyuma la kushoto: halitoki, kuna kitu kimeliziba. Nimejaribu mara tatu. Naliacha, lisije likavunja ekseli."

Mama, mtu ambaye hakukishika kitu cha mtoto wako asingejua waya ulizungushwa mara ngapi. Niliyaona yote. Niliyahesabu. Nikaandika pembeni mwa kila moja "kuondoa", na siku zile nilikuwa na furaha.

Mumeo hana kosa ila kuniamini mimi.

Rosalie


Mubi, tarehe 8 Mei 2022

Dada Rosalie,

Ni mimi Naomie, ninaandika mwenyewe. Nilisomaka mpaka ya pili sekondari, usishangae makosa.

Karatasi yako ilikaa mezani siku ine. Ya tano, Sébastien alikuwa mu atelye, nikaisoma nimesimama. Kufika ku waya mara saba nikakaa. Mimi njo nilizungusha ile waya. Bienvenu alikuwa anashika muguu, mimi ninazungusha, na tulikuwa tunahesabu wote wawili, sababu alikuwa anaogopa itafunguka mu njia ya masomo. Ile ncha nilikunja mimi, isimuchome.

Lakini moyo wangu ulikuwa ungali unakataa. Nikasema, labda aliandika kwanza, kisha Sébastien akaibadilisha. Muntu akikasirika anapata kila akili. Njo nikasoma ile mustari ya mwisho, gurudumu. Nikachukua kisu. Nikavuta mpaka ikatoka, na ilitoka vibaya, samahani ya ekseli. Nyuma yake kulikuwa uzi mwekundu, umezungushwa mara mingi sana. Iko ya kitenge changu cha Pasaka. Ile gurudumu ilikuwa inaanguka, akanikatia uzi bila kuniuliza. Nilimutafuta siku ile kwa fimbo.

Nilivaa kilemba nikaenda atelye. Sébastien alikuwa chini ya moto. Nikamwambia: "Toka." Akatoka na mafuta mu uso. Nikamwonyesha uzi. Wateja walikuwa wanangoja, mumoja akauliza, "Mama, moto yangu inaisha leo?" Nikamujibu, "Leo haiishe."

Kwa hiyo ujue: ni wewe ulimulinda bwana yangu, kwa ile gurudumu moja ilikushinda kutoa. Zile ziliwezekana, zote ulitoa.

Tulitoa matanga tarehe 30. Kaka zangu walirudi kutoka Buleusa, Isidore alimwomba Sébastien msamaha mbele ya wote. Shati alipata mutoto wa dada yangu Astrid. Mufuko alipata mwenzake wa masomo. Uzi nimebaki nao mimi. Ambulansi nimesema iende kwako, na Papa Élie njo anaileta.

Haiko zawadi. Kwetu, muntu akipokea kitu cha marehemu anakitumikisha. Shati linavaliwa mpaka linapasuka. Jembe linalima. Ukiiweka ku rafu pamoja na zingine, ni kama unamufungia mutoto wangu matanga mara ya pili. Nilitaka niiweke mwenyewe, lakini mimi siwezi kuicheza, na sasa iko safi sana, haina muntu.

Na ninauliza kitu moja, unijibu ukweli. Ile muguu ya kandambili, iko wapi?

Mama Bienvenu


Kirotshe, tarehe 30 Mei 2022
Asubuhi: mvua nyembamba tangu jana, ziwa halionekani.

Mama Bienvenu,

Papa Élie alifika siku ya Alhamisi.

Nianze na mguu, kwa sababu nimeandika barua hii mara mbili. Ya kwanza ilisema kwamba niliutupa kwenye jalala la nyuma, na mvua ikaupeleka ziwani. Niliiandika vizuri. Nilifikiri ungepata cha kushika: raba haizami, mtoto wako angekuwa na kitu kinachosafiri juu ya maji. Kisha nikaona kwamba nafanya tena kilekile, nakupa kitu kizuri kuliko kile ulichoniomba. Nimeichana.

Niliuchoma. Ilikuwa tarehe 30 Januari, saa sita mchana, kwenye mbabula, jiko langu la makaa, chini ya maharagwe. Ulitoa moshi mweusi. Falone alikuja mlangoni akauliza ninapika nini, nikamwambia, "Takataka." Waya ulibaki kwenye majivu, na majivu nilimwaga kwenye migomba. Nimeutafuta siku tatu hizi kwa mikono na kwa kijiti, kwa sababu shaba haiozi. Sijaupata. Nitaendelea, lakini usiungojee.

Sasa juu ya ambulansi. Nilisoma maneno yako juu ya jembe na shati, nikaogopa. Mama, mimi sijui kucheza. Ninazo roboti hamsini na nane, na kila moja naigusa nikiwa nimenawa. Nazigeuza mara moja kwa mwaka, nikizifuta vumbi, kwa sababu kila kugeuza kunakula viungo. Watu hufikiri mimi ni mtu mzima anayecheza. Si kweli. Mimi ni mtu mzima anayelinda vitu visichezewe.

Ijumaa sikufungua sekretarya. Nilikaa na ile kitu juu ya meza mpaka mchana. Jumamosi niliitoa nje, nyuma ya nyumba, nikachuchumaa kwenye udongo. Sikujua nianze wapi. Nikaisukuma. Lile gurudumu ulilolitoa kwa kisu linayumba, likaivuta upande, ikapinda kuelekea kwenye migomba peke yake. Nikaifuata kwa magoti. Falone alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, akaniona na sketi yangu ya kanisani kwenye matope. Nilingoja anicheke. Aliuliza tu, "Inaenda wapi?"

Nikasema, "Hospitali."

"Imebeba nani?"

Nikaisukuma tena kidogo. Akaweka beseni lake chini, akaja, akachuchumaa, akatengeneza njia kwa kiganja chake, na kona mbili, na mlima. Tulikaa pale mpaka mvua iliporudi. Yeye ndiye aliyepiga king'ora, kwa mdomo. Nilimwambia jina la mtoto wako. Aliniuliza alikuwa na miaka mingapi, nikamwambia.

Paa limepata mkwaruzo mrefu upande wa kushoto, kwenye jiwe. Ni mimi. Sikuuandika kwenye daftari na sikuusugua. Naiweka dirishani, ambako Falone anaweza kuifikia, na jana aliichukua bila kuniuliza. Mkono wangu uliinuka kumzuia, anawe kwanza. Niliurudisha.

Siombi msamaha tena, kwa sababu kila nikiuomba nakupa kazi ya kunijibu. Nakuambia tu yaliyo kweli: nilikishika kitu cha mtoto wako kikiwa na yeye mzima ndani, na nilimtoa kwa pamba vipande vinne. Hilo halitengenezeki, na mimi maisha yangu yote nimejivunia kutengeneza.

Mpe Kaka Sébastien salamu. Mwambie asiniandikie juu ya mabega na magurudumu mpaka atakapotaka. Na akitaka kuandika juu ya Bienvenu, karatasi ninazo nyingi.

Jana usiku niliandika siku yangu kwenye daftari kama kawaida, nikazima taa, nikaiwasha tena nione kama ambulansi bado iko dirishani, nikazima. Nililala saa tisa kasoro dakika kumi.

Rosalie